Mbaraka wa Mikese

Mtu aliyekulia Mikese miaka ya sabini, akawa na umri wangu, hana sababu ya kujigamba kwamba alimwona Mbaraka Mwinshehe jukwaani. Sisi tulimsikia tu. Kutoka kwetu hadi Morogoro mjini ni kama kilomita 30, lakini kwa mtoto wa shule ya msingi asiye na nauli wala ruhusa ya baba, dansi la usiku la mjini lilikuwa mbali sawa na Osaka, Japani, walikokwenda Morogoro Jazz mwaka 1970 kwenye maonyesho ya Expo. Kaka zetu walikwenda. Walirudi alfajiri juu ya lori la mkaa, viatu vya raizoni mkononi, miguu imevimba, wakalala hadi adhuhuri, kisha wakatusimulia kwa maringo. Sisi tulibaki na redio, na baadaye santuri.

Nayasema haya mapema kwa sababu usiku ninaotaka kuusimulia ulijaa watu waliomwona. Mzee yeyote wa mkoa wetu ukimuuliza, alikuwepo, tena mbele kabisa, karibu na spika, na Mbaraka alimtazama yeye. Wote walionieleza hivyo ukiwakusanya, Uwanja wa Jamhuri hautawatosha. Bingwa wao ni mtani wangu mmoja, mtoto wa fundi wa reli aliyehamishwa kutoka Tabora kuja stesheni ya Mikese. Yeye hushikilia kwamba gari la bendi liliharibikia kijijini kwetu, Mbaraka akashuka, akapiga hodi nyumbani kwao kuomba maji ya kunywa. Mama yake, Mungu amrehemu, ambaye ndiye angempa hayo maji, hakuwahi kulitaja jambo hilo hata mara moja.

Ndiye huyo mtani aliyenipigia simu. “Mluguru wewe, umelala? Kuna vijana wanapiga nyimbo za Mbaraka Jumamosi mjini. Usiku mzima. Waambie na wenzako.” Wenzangu maana yake ni fundi cherehani ambaye bado anashona pale karibu na barabara kuu, na Mama Mwalimu, aliyefundisha hadi akastaafu na ambaye, tukiwa darasa moja, ndiye pekee aliyekuwa na mwandiko wa kunakili maneno ya nyimbo kutoka redioni kabla hayajapita. Daftari lake lilikuwa maarufu kuliko kitabu cha hesabu.

Kwa wasiozijua habari hizi, Morogoro, mji kasoro bahari, ulikuwa na wafalme wawili wa muziki kwa zamu. Wa kwanza alikuwa Salum Abdallah wa Cuban Marimba, kijana aliyezipenda santuri za Kikyuba za mfululizo wa GV hadi akatoroka nyumbani akitaka kwenda Cuba kwenyewe. Safari ikaishia Mombasa. Alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1965, na Juma Kilaza akaishika bendi. Wakati huo huo, upande wa pili wa mji, Morogoro Jazz, bendi iliyoanzishwa mwaka 1944, mwaka ule ule aliozaliwa Mbaraka, ilikuwa imempata kijana kutoka Kisarawe anayetunga, anayeimba na anayecharaza gitaa la solo kana kwamba anazungumza na mtu anayemdai. Mwaka 1973 akajitoa na kuunda Super Volcano. Mwanzoni mwa 1979, akiwa na umri wa miaka 34, akafa Mombasa, naye kwa ajali ya gari. Mji mmoja, wafalme wawili, kifo cha namna moja. Wazee wetu hawakukosa maelezo ya jambo hilo, na maelezo yenyewe siyaandiki hapa.

Miaka hiyo kupiga kopi lilikuwa tusi. Kila bendi ilikuwa na mtindo wake, na jina la mtindo lilitajwa kwa kiburi: NUTA Jazz na Msondo, Mlimani Park na Sikinde, Morogoro Jazz na Sululu, Super Volcano na Masika. Bendi iliyopiga nyimbo za wenzake ilionekana imeishiwa. Uingereza wanayo bendi iitwayo The Bootleg Beatles, ambayo tangu mwaka 1980 kazi yake ni kuwaigiza Beatles hadi nywele na suti, na watu hulipa vizuri kwenda kuitazama. Kwetu jambo hilo limechelewa. Hata leo mwanamuziki anayepiga zilipendwa hotelini anajiona kama mtu anayelinda nyumba ya mwingine. Mwenye nyumba hayupo, lakini wageni wanakuja kukagua kama vyombo viko pale pale.

Na mimi nilikwenda kukagua. Sifichi.

Niseme kwanza nilichokuwa nacho kichwani. Mjomba wangu alikuwa karani wa Reli za Afrika Mashariki, Nairobi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 na mpaka na Kenya ukafungwa, alirudi nyumbani na sanduku la nguo, mwavuli, gramafoni ya betri ya kufunga kama mkoba, na santuri chache zilizofungwa ndani ya blanketi. Ikumbukwe kwamba Tanzania hatukuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Bendi zilirekodi Redio Tanzania Dar es Salaam, nyimbo zikabaki huko zikisubiri kupigwa hewani. Anayetaka santuri aende Nairobi. Kwa hiyo mpaka ulipofungwa, santuri iliyoharibika ilikuwa imeharibika, na hakuna pa kununua nyingine. Tulizishika kama watu wanavyoshika mayai ya kuazima.

Mikese yetu haikuwa na umeme. Gramafoni ilikula betri kubwa, na betri zilikuwa za kutafuta, hasa wakati wa vita vya Kagera ambapo hata sabuni ilikuwa habari. Zikichoka tulizianika juu ya bati mchana, jioni zikarudi na uhai wa nyimbo tatu au nne. Wimbo wa kwanza ulikwenda sawa. Wa pili, sahani ilianza kuzunguka kwa uvivu, na sauti ya Mbaraka ikashuka, ikawa nzito, nene, ya mtu mzima mwenye mawazo. Wa tatu ulikuwa kama mtu anaimba huku anapanda milima ya Uluguru na mzigo wa ndizi kichwani. Na sisi tulizipenda hizo nzito. Tulicheza taratibu, mabega tu, kwa sababu mwendo wenyewe haukuruhusu zaidi. Kwa miaka mingi niliamini Mbaraka alikuwa na sauti ya chini, karibu besi.

Halafu kulikuwa na mkwaruzo. Santuri moja, ambayo mjomba aliipenda kuliko zote, ilikwaruzwa na mtoto wa jirani aliyetaka kuona kama sindano inaumiza. Tangu siku hiyo, katikati ya ubeti wa pili, sindano iliruka. Mstari mmoja ulianza, ukakatika, ukaangukia katikati ya mstari uliofuata. Mjomba akajaribu kuweka sumni juu ya kichwa cha sindano ili kiwe kizito. Sumni ikasaidia kidogo, kisha kuruka kukarudi pale pale. Basi tukaizoea. Mikese nzima, kwa maana ya ua wetu na nyua za jirani, iliimba wimbo ule na pengo lake. Watoto wadogo waliouingiza kichwani baada ya ajali hiyo hawakujua kwamba kuna maneno yaliyopotea. Mama Mwalimu alikuwa nayo kwenye daftari, aliyanakili kutoka redioni, lakini hata yeye alipoimba aliruka.

Habari ya kifo cha Mbaraka ilitufikia mwezi Januari. Nakumbuka zaidi ukimya wa mjomba kuliko maneno ya redio. Nchi ilikuwa vitani, kila siku tulisikia majina ya miji ya kaskazini, na mtu mmoja kufa kwa ajali ugenini lilikuwa jambo dogo. Jioni alifungua gramafoni, akaona betri hazina kitu, akaifunga.

Sasa Jumamosi yenyewe. Mtani alitoka Dar es Salaam na treni ya umeme, ambayo tangu Juni 2024 inabeba abiria hadi Morogoro. Inasimama Ngerengere, kisha Morogoro. Mikese inapita tu. Mtoto wa fundi wa reli, aliyezaliwa kwenye nyumba za reli, akaiona stesheni ya baba yake kwa muda wa kupepesa jicho. Alipotukuta stendi ya Msamvu alikuwa bado na hasira: “Hata honi! Hata honi hawakupiga!” Alivaa suruali ya bugaluu, ya kweli, iliyotoka kwenye sanduku na mikunjo yake. Fundi cherehani akaikagua pindo kabla ya kumsalimia.

Ukumbi ulikuwa wa kawaida, viti vya plastiki, nyama choma upande wa nyuma, turubai la tangazo lenye picha ya Mbaraka na gitaa. Tulikuwa kundi la wazee tukiwa na vijana wachache walioletwa na wazazi wao, na wengine ambao nadhani walifuata mishikaki. Bendi ilikuwa ya watoto. Wote, isipokuwa mpiga tumba mmoja mwenye mvi, walizaliwa Mbaraka ameshafariki miaka mingi. Hakukuwa na mdomo wa bata. Kinanda kilifanya kazi ya saksafoni na tarumbeta, na kilifanya vibaya. Hapo nilianza kununa.

Walipoanza, nikanuna zaidi. Kijana wa solo alikuwa na vidole, hilo nilimkubalia palepale. Lakini wimbo ulikuwa juu mno na ulikwenda mbio. Mwimbaji alikuwa na sauti nyembamba, nzuri, ya kijana. “Huyu siye,” nikamwambia Mama Mwalimu sikioni. “Mbaraka hakuimba huku juu.” Naye akatikisa kichwa kukubali. Meza ya jirani kulikuwa na wazee wa Kilosa, na mmoja wao akageuka: “Nyie mlimsikia wapi? Ndivyo alivyoimba!” Tukatazamana na watu wa Kilosa kama washabiki wa timu mbili.

Kisha kikatokea kitu ambacho kingenipita kama nisingekuwa nimekaa pembeni nikiwa na kinyongo. Zamani nyimbo ndefu zilikatwa vipande viwili kwenye santuri ndogo: upande wa kwanza wimbo unafifia, unageuza sahani, unaendelea na upande wa pili ambako magitaa yanachanganya. Bendi jukwaani haigeuzi sahani. Lakini ilipofika mahali ambapo kipande cha kwanza huishia, wazee wote ukumbini walilegea. Mikono ikashuka, wanaume wakapandisha suruali, wanawake wakafunga khanga upya. Vijana waliokuwa wakicheza walibaki peke yao wakishangaa wazee wamechoka nini. Sekunde chache, kisha tukaingia tena wote kwa pamoja, bila mtu kutoa amri. Kilosa walilegea. Sisi tulilegea. Hata yule mzee mbishi.

Nyimbo mbili baadaye ukaja ule wa mjomba. Wazee ukumbi mzima wakaimba ubeti wa pili, na mezani kwetu tukaimba pia, na pale pale, mimi, mtani, fundi na Mama Mwalimu, tukaruka. Tuliuacha mstari katikati, tukatua kwenye neno la mstari wa mbele, kwa sauti kubwa, wakati ukumbi mzima bado uko nyuma. Watu wa Kilosa wakageuka wote. Fundi cherehani akashika kifua. Mama Mwalimu alicheka hadi miwani ikaanguka kwenye sahani ya ndizi, na mtani akasimama akawatangazia jirani, kidole juu: “Hiyo ndiyo ya Mikese!”

Nilicheka nao, lakini kinyongo changu kilikuwa kimetobolewa. Nilikuja na kipimo mkononi, na kumbe kipimo chenyewe ni santuri mbovu na betri zilizoanikwa juu ya bati. Shabiki akikuambia wimbo “wenyewe” ulikuwa hivi au vile, mara nyingi anakueleza kuhusu chumba alichousikilizia, na nani alikuwemo. Mzee wa Kilosa naye alikuwa na chumba chake. Labda kwao betri zilipatikana.

Bendi ilipopumzika, yule kijana wa solo akapita kwenye meza zetu. Vijana wa muziki huu wana adabu kuliko wanavyosemwa.

“Shikamooni wazee wangu.”

“Marahaba mwanangu,” akajibu Mama Mwalimu, na kabla hajavuta kiti nikamuuliza solo ya wimbo ule wa mjomba amejifunzia wapi.

“Kwenye simu, mzee. YouTube. Baba hakuwa na santuri.”

Akatoa simu, akatutafutia. Tukainamisha vichwa vyote kwenye kioo kimoja. Ilikuwa picha ya santuri inazunguka, na wimbo ukatoka juu, tena juu zaidi ya alivyopiga yeye. Mpiga tumba mwenye mvi, aliyekuja nyuma yake, akasikiliza kidogo na kusema kwamba huyo aliyeuweka alikuwa na gramafoni inayokwenda mbio. Yeye alianza kupiga tumba na waliowahi kupiga na wakubwa, na wimbo haukuwa juu hivyo. Wala haukuwa chini kama unavyosema wewe, mzee, akaniongezea, bila kuniangalia sana. Santuri ndogo ni mizunguko 45 kwa dakika. Kijana amejifunza labda kwa 47. Ya Mikese, kwa maelezo tuliyompa, huenda ilikuwa 40, na betri zikiisha, chini ya hapo.

Kijana hakuona aibu hata kidogo. Akashangaa, kisha akataka kuisikia ya kwetu. Kwa kuwa hatukuwa nayo, Mama Mwalimu akaimba. Aliimba ubeti wa kwanza chini kabisa, taratibu, mkono mmoja umeshika glasi ya soda, kwa ile sauti ya mwalimu ambayo darasa la nyuma linaisikia bila yeye kuipandisha. Kijana akasogeza kiti. Vidole vyake vikawa vinatafuta mahali pa kukaa juu ya meza, kwenye mtiririko wa besi ambao kwa mwendo wa haraka yeye alikuwa anauruka kila mara, na sasa uliachia nafasi. “Hapa pana kitu,” akasema. “Hapa mimi huwa napita.”

Walirudi jukwaani wakaurudia wimbo ule, wamelegeza nyuzi. Mwimbaji alilalamika, nilimwona akimnong'oneza mwenzake. Chini kule sauti yake haikuwa na nguvu, na mistari mingine aliimeza kabisa. Kama muziki, sikuona umekuwa bora kila mahali. Solo ilikuwa bora, uimbaji ulidhoofu. Ila wazee, ambao kwa ule wa juu walikuwa wakisogeza midomo tu, sasa waliweza kuufikia. Ukumbi ukaimba. Watu wakapanda kutunza, noti za elfu mbili na elfu tano zikabandikwa kwenye paji la uso la kijana hadi akaacha kuona nyuzi. Mtani akapanda na bugaluu yake, akatunza, akataka kupewa kipaza sauti asimulie habari ya gari lililoharibika na maji ya kunywa. Tukamshusha.

Tulipofika ubeti wa pili tukaruka tena. Safari hii meza ya Kilosa ilituangalia kwa kutusubiri, na mmoja wao akaruka nasi.

Nilimwambia kijana kwamba santuri ya mjomba bado ninayo. Gramafoni ilikufa zamani, sahani iko kabatini, ndani ya bahasha ya kahawia. Macho yakamtoka. Ana rafiki mjini mwenye mashine ya kuchezea santuri na kuihamishia kwenye kompyuta. Ataisafisha, mkwaruzo utaondolewa, na pengo linaweza kuzibwa kwa kipande cha nakala nyingine. Halafu akauliza swali ambalo limetugawa hadi leo: niiache kwenye spidi yake, au niishushe iwe ya kwenu?

Mpiga tumba alisema 45 ni 45. Fundi cherehani akaunga mkono, kwa sababu nguo hukatwa kwa vipimo vya mwenye kuvaa, na aliyevaa wimbo ule ni Mbaraka. Mama Mwalimu akataka zote mbili, moja ya kufundishia na moja ya nyumbani, lakini mkwaruzo usiguswe kwenye yoyote kati ya hizo. Mtani alipinga kila mtu kwa zamu, ndani ya bajaji hadi Msamvu, halafu kwenye daladala ya kurudi Mikese, ambako aliamua kulala ingawa tiketi yake ya treni ilikuwa ya asubuhi. Hoja yake ya mwisho, tukiwa tumeshapita njia panda, ilikuwa kwamba yeye ndiye pekee kati yetu aliyewahi kumsikia Mbaraka akizungumza, siku ile alipoomba maji, na sauti yake ilikuwa ya kati.

Kijana anakuja kuichukua Jumapili. Fundi ameshashona mfuko wa kuibebea, ana kura moja zaidi ya Mama Mwalimu, na mtani anapiga simu kila jioni kujua kura yake imehesabiwa upande gani.